Maziwa Niliyompa Mbwa

Nakumbuka siku moja ya Desemba, shule zimefungwa, mama akanifungia nguo kwenye mfuko na kunituma kutoka Embu hadi kijijini Kiirua kwa nyanya yangu, mamake baba. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kiburi cha umri huo unakijua mwenyewe. Mlangoni mama aliniambia neno moja tu: "Mwambie nyanya mapema kuhusu tumbo lako." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tumbo langu, mwanangu, halijawahi kupatana na maziwa. Kikombe kimoja tu na baada ya muda mfupi linafura, linanguruma, kisha ni mbio za chooni. Siku hizi daktari atakueleza vizuri kwamba kuna matumbo yasiyoweza kusaga sukari ya maziwa, na si kurogwa wala si uchafu. Wakati ule tulijua tu kwamba maziwa yananikataa. Nyumbani nilipewa chai ya rangi, maisha yakaendelea.

Lakini kwa nyanya maziwa hayakataliwi. Alikuwa na ng'ombe mmoja. Maziwa ya asubuhi yalienda kwa chama cha wafugaji, ya jioni yalikuwa ya nyumba, na mjukuu akifika ndiye wa kwanza kupewa. Jioni ile alinijazia kikombe kikubwa cha bati, maziwa ya moto yenye utando juu, akakaa mbele yangu kunitazama nikinywa. Uso wake ulijaa furaha! Ningesemaje mimi? Niliona nikisema siwezi nitakuwa nimemtukana yeye, ng'ombe wake na boma lake lote. Nikanywa mpaka tone la mwisho. Yaliyofuata nakuachia mwenyewe.

Kesho yake nikawa mjanja. Nilimwambia nyanya napenda kunywea nje, nipate hewa. Nikazunguka nyuma ya zizi, nikammwagia mbwa wa nyanya maziwa yote kwenye kopo lake. Nikarudi najipangusa mdomo. Nikafanya hivyo kila jioni, na kila jioni nyanya akaniuliza, "Umeshiba?" Nami nikamjibu, "Nimeshiba, nyanya, asante." Ona uongo ulivyo na adabu zake!

Mchana hatukukaa bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila nyanya hakungoja hata hiyo ya pili. Nilifagia uwanja, nikachimbua viazi, nikakata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, nikaosha mkebe wa maziwa kwa maji moto. Kisha akanifundisha kukamua. Siku ya kwanza maziwa yaliingia kwenye mkono wa sweta yangu, na yule ng'ombe akageuka kunitazama kama mtu anayeuliza huyu ametolewa wapi. Haba na haba, vidole vikashika kazi. Wiki ya tatu nilisikia nyanya akimwambia jirani yetu, Mama Karimi, "Huyu wa mjini ananishinda kukamua." Nimepata vyeti kadhaa maishani, mwanangu, na hakuna hata kimoja kilichonipa raha kama maneno hayo.

Kitu kimoja nilikiona nisikielewe. Nyanya alikuwa akinywa chai ya rangi, asubuhi na jioni. Nilidhani anaipenda. Nilimwonea hata wivu, nikitamani angeninyima maziwa yake akanipa mimi chai ile.

Mvua ilikuwa imekatika mapema mwaka huo na nepia imekauka, kwa hiyo ng'ombe alitoa kidogo. Jioni moja nilikuwa nimemaliza kukamua, mkebe mkononi, maziwa hayazidi kikombe kimoja na nusu. Mama Karimi alikuwa amepita kuazima panga. Nyanya akainuka kutoka alipokuwa ameketi, akashika nguzo ya zizi, nguzo ikamponyoka, akaanguka chini.

"Woi! Mama!" Mama Karimi alimkimbilia, akamwinua, akamkalisha juu ya gunia. Kisha akanigeukia. "Chemsha hayo maziwa upesi umpe. Ametoka hospitali mwezi uliopita tu, damu yake ni kidogo. Aliambiwa ale vizuri, anywe maziwa kila siku. Kwani hanywi?"

Mimi hata habari ya hospitali sikuwa nayo. Nyanya akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Hayo ni ya mtoto. Mwache anywe."

Mwanangu, nililia. Nililia nikiwa nimesimama pale pale. Nikasema, "Nyanya, mimi sinywi. Yananiumiza tumbo. Humpa mbwa."

Mama Karimi alitazama chini. Nilitamani nyanya angenichapa, nikayachemsha maziwa, nikampa. Alipokwisha kunywa maziwa yale, rangi ikamrudia kidogo, akaniita nikae karibu naye.

"Maziwa si neno," akasema. "Ng'ombe atatoa mengine kesho. Kinachoniuma ni kwamba nilijinyima kwa ajili yako kila siku, nikafurahi, nawe ukaniangalia nikifurahia uongo. Ungeniambia, ningekucheka siku moja, halafu ningekuchemshia uji usio na maziwa. Nani alikwambia kunificha ndiko kuniheshimu?"

Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu mzima. "Na mimi nilikuficha ugonjwa wangu, nisikuharibie likizo. Tumefichana sisi wawili, aliyenenepa ni mbwa." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa najiuliza ingekuwaje kama Mama Karimi hangepita kuazima panga.

Likizo iliyobaki nilikamua mimi, nikachemsha mimi, nikamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Nguvu zilimrudia polepole. Alikuja kuishi miaka mingine mingi, na wageni aliwauliza kwanza kabla ya kuwamiminia: "Tumbo lako linapatana na maziwa?" Wengine walishangaa, na mmoja au wawili wakashusha pumzi.

Sasa shule zimefungwa tena, nawe utatumwa kwa jamaa kusaidia kazi. Fanya kazi kwa moyo. Ukijifunza hata jambo dogo la mikono, lifurahie, ni lako. Lakini kama kuna kitu mwili wako haukiwezi, kiseme siku ya kwanza, kwa upole, huku umemtazama mwenyeji wako usoni: "Asante sana, hiki kinaniumiza, naomba chai ya rangi." Heshima si utumwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine madhara humwangukia asiye na habari. Nawe utakapokuwa mwenye nyumba, uliza kabla ya kumimina, tena ukiwa mgonjwa usijifanye mzima mbele ya watoto. Anayekupenda mpe ukweli, apate kukupenda vizuri.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulainishie njia, akupe tumbo tulivu na ulimi usioogopa walio wako, na kila nyumba utakayoingia ikujue jinsi ulivyo, ikufurahie hivyo hivyo.