Mjomba anasema ni mimi niliyesema watu wachache wanatosha

Admin, jina langu usiliweke. Nimezoea kusoma shida za wengine hapa na kuwapa maoni kana kwamba nayajua maisha, lakini leo mimi ndiye nimekwama.

Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa Manyatta hapa Kisumu, na nina watoto wawili. Nafanya kazi ya mjengo na mjomba wangu, ndugu ya mama, ambaye ni kontrakta. Baba alipofariki ni yeye alinilea na kunisomesha kozi ya ujenzi. Mama yangu mpaka leo anaishi kwenye nyumba ya Mjomba kule Mamboleo, presha imemmaliza na hana pengine pa kwenda. Kazi yangu ni kukadiria watu. Naangalia ramani, naenda saiti, kisha namwambia Mjomba kazi hii inataka mafundi wangapi na vibarua wangapi. Mwenye kuamua ni yeye.

Tulipata kazi ya bweni la shule moja, njia ya kwenda Sondu. Ilipofika kumwaga slab, yaani zege la sakafu ya juu, nilimwambia tunahitaji vibarua thelathini. Slab haina mchezo. Ukishaanza huwezi kuacha katikati, na pale zege lilikuwa linapandishwa kwa karai, mtu kwa mtu, juu ya ngazi ya mbao. Lazima wawepo wa kupokezana. Mjomba alicheka. "Wewe unakadiria slab ama harusi?" Asubuhi nilipofika nikakuta nusu yao tu. Nikamwambia, "Mjomba, hawa watachoka kabla hatujafika popote. Tuahirishe." Akasema mashine ya kuchanganya imeshafika na mvua iko njiani, tuanze.

Kati ya hao vibarua alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Nitamwita Owino ingawa si jina lake. Hiyo kazi mimi ndiye nilimtafutia, maana mke wake alikuwa mjamzito na yeye alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu. Alifurahi sana siku hiyo, hata alinunulia wenzake chai na mandazi.

Mchana ukapita hakuna aliyekaa chini. Owino akanijia, jasho na simiti vimemganda usoni. "Shem, miguu imekuwa kama maji. Tuombee tupumzike kidogo tu." Nilienda mbio kwa Mjomba. Nilimwomba kama mtoto. Akanijibu bila kuniangalia, "Zege haingoji mtu. Kama hawawezi, waende nyumbani." Nilipogeuka nirudi nikasikia karai likigonga mawe, halafu watu wakipiga kelele. Owino alikuwa amelala chini ya ngazi, macho yake yako wazi, ananiambia, "Shem, sisikii miguu."

Hajatembea tena tangu siku hiyo. Mtoto wake alizaliwa yeye akiwa bado wodini.

Familia ilipoitisha kikao, baba mkwe aliuliza jambo moja tu, "Nani alisema watu wachache hivyo wanatosha?" Mjomba akasimama na kofia mkononi, kwa upole kabisa, akasema, "Mzee, mimi huleta watu nilioambiwa. Anayekadiria ni huyu msichana wetu." Wote wakanigeukia. Nilifungua mdomo. Mama yangu alikuwa amekaa karibu na Mjomba, na machozi yalikuwa yanamtoka, akanitikisia kichwa polepole, kwamba nisiseme. Admin, nikafunga mdomo. Mama mkwe akaanza kulia, "Nyathina, nyathina," mtoto wangu, kisha akaniuliza mbele ya watu, "Ulimwona mtoto wangu ni punda?"

Tangu hapo kwangu si nyumbani. Mume wangu nilimweleza kila kitu. Akasema, "Kama ni ukweli, kwa nini hukusema pale?" Sasa analala kwa wazazi wake akimgeuza ndugu yake kitandani, na akija hapa ni kuona watoto tu. Nilipoenda kumsalimia Owino, mama mkwe alitoka nje nilipoingia. Owino alinishika mkono. "Shem, nilikuona ukienda kutuombea. Nimewaambia, lakini wanafikiri nakufichia. Ni wewe unafaa kusema." Nilimlilia pale kitandani, na ni yeye aliyekuwa ananibembeleza.

Nilimwendea Mjomba nikamwambia arekebishe maneno yake. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Nikianguka mimi, mama yako atalala wapi?" Nikampigia mama. Akasema, "Binti yangu, vumilia, mimi siku zangu zimebaki chache." Nitavumilia vipi nikinyonywa uhai namna hii?

Na haijaisha. Bweni lina ghorofa nyingine, na Jumatatu wanamwaga slab ya pili, juu zaidi, kwa ngazi ileile. Mjomba ameniambia nikadirie, na nisimletee tena hesabu ya harusi. Nikikataa, atachukua mtu mwingine wa kumwambia anachotaka kusikia. Nikienda kwa wenye shule, au nikisimama mbele ya wakwe niseme yote, mama yangu mgonjwa anatolewa nje, na mimi sina pa kumweka kwa sababu hata ndoa yangu sijui kama ipo. Watoto wananiuliza baba anarudi lini.

Vibarua wameanza kunipigia kuulizia kazi ya Jumatatu. Jana mmoja, baba wa watoto wadogo hapa mtaani, aliniuliza, "Madam, safari hii tutakuwa watu wa kutosha?" Nikamwambia nitampigia. Simu iko mkononi na sijampigia.

Ndugu zangu mnaosoma hii, mkinitukana nitaelewa, lakini kwanza nisaidieni. Huyu mtu nimwambie nini? Na mama yangu nimpeleke wapi?