Kisasi cha Mwanaharusi kwa Nyuki wa Ukutani

Mwanaharusi wa Tanga, anayeuza visheti mtaa wa Fordsburg, ugenini kusini kabisa mwa Afrika, hana ugomvi na mtu. Ugomvi wake ni na nyuki. Tena si nyuki wote wa dunia, jamani. Ni wale waliojijengea ndani ya ukuta wa nyumba anayopanga kule mtaa wa Troyeville.

Mwaka jana mmoja alimchoma mkononi. Waliokuwepo wakacheka: "Nyuki mmoja tu, mama, ndio unajitupa chini?" Kumbe midomo imemvimba, mwili mzima mabaka, pumzi inatoka kwa mluzi. Hospitali wakamwambia ana mzio wa sumu ya nyuki, na kwamba safari nyingine hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Wakampa sindano ya adrenalini ya kukaa nayo karibu. Akaitundika jikoni, kwenye msumari, akamwonyesha jirani yake Joséline, Mrundi, jinsi ya kuitumia. Kisha akaapa: "Watakufa mmoja mmoja, na mimi nikiwaangalia."

Silaha yake ikawa shira ya sukari iliyobaki kwenye visheti. Aliitia kwenye chupa, akazining'iniza uani. Nyuki wakaingia, wakazama. Kila asubuhi alikwenda kuchungulia. "Kunyweni! Tamu, siyo?"

"Dada, uko unawaita wageni," Joséline alimwonya.

Na kweli, ile harufu ya sukari iliwaleta mpaka dirisha la jikoni.

Jumamosi moja, anachovya visheti, nyuki akamchoma shingoni. Hapo ndipo alipokosea. Sindano ilikuwa hatua tatu tu kutoka aliposimama, lakini yeye alishika kandambili akaanza kumwinda yule nyuki. Akapiga ukuta, akapiga sufuria. Sauti ikakauka, tumbo likamkata, magoti yakalegea, na bado anapiga.

Joséline akaingia mbio. "Eish, umuache! Nyuki akishakuchoma anakufa mwenyewe. Utamuua mara ngapi?"

Akamlaza sakafuni, akamkandamizia sindano pajani, upande wa nje, akamwinulia miguu juu ya ndoo. Mwiba akaukwangua kwa ukucha. Ndipo akapigia simu ambulensi.

Sauti ilipomrudia hospitalini, neno la kwanza lilikuwa: "Nirudisheni nikawachome moto."

"Huendi popote," muuguzi akamwambia. "Mzio unaweza kurudi baada ya saa kadhaa, hata kama hujachomwa tena. Tunakuangalia kwanza."

Akabaki amenuna, ngumi amezikunja chini ya shuka.

Wiki iliyofuata Joséline akamleta Révérien, Mrundi mwenzake, ambaye kazi yake ni kutoa nyuki kwenye majumba. "Mimi siwaui," akasema. "Nawahamisha."

"Wahamishe," Mwanaharusi akajibu. "Lakini asali yao haitoki hapa."

Alikuwa ameshamuuliza daktari, akajibiwa kwamba mzio wake ni wa sumu ya mwiba. Asali amekula tangu utoto na haijamdhuru. Basi akasimama nyuma ya dirisha lililofungwa, sindano mpya mfukoni, akatazama ukuta unavyobomolewa na masega yanavyotolewa moja baada ya jingine. Hakupepesa macho.

Jumamosi akapeleka Fordsburg visheti vilivyochovywa asali ile ya ukutani badala ya shira. Mteja mmoja akalamba vidole. "Leo umetia nini humu, Bi Mwanaharusi?"

"Nyumba ya watu," akajibu, akachukua kimoja, akakitafuna polepole.