Kiti cha Bryn Onnen

Ijumaa tarehe 1 Machi 1974, Abbasali Walji, mzaliwa wa Tanga, alitawazwa mshairi wa mwaka wa Shule ya Sekondari ya Bryn Onnen, kaskazini mwa Wales, akiwa na miaka kumi na saba. Gazeti la mji huo lilichapisha picha yake wiki iliyofuata. Ameketi kwenye kiti cha mwaloni kipana kuliko yeye, upanga umeinuliwa juu ya kichwa chake, na uso wake ni wa mtu anayengoja kuambiwa kwamba wamekosea.

Kiti ndicho kilikuwa zawadi. Watu wa Wales wana mashindano ya ushairi na uimbaji yaitwayo eisteddfod, na desturi yake ni kwamba mshairi bora hukalishwa kwenye kiti mbele ya watu wote, kisha huenda nacho nyumbani. Shule za huko hufanya mashindano yao madogo Siku ya Mtakatifu Daudi, tarehe 1 Machi. Kila mshindani huandika kwa jina la bandia, na hata waamuzi hawajui ni nani. Jina likitajwa jukwaani, tarumbeta hupigwa, na mwenye nalo husimama palepale alipoketi. Mwaka ule jina lililotajwa lilikuwa Mkonge. Mwalimu aliyelitaja alidhani ni jina la mto. Mvulana aliyesimama ndiye pekee ukumbini aliyewahi kuliona shamba la mkonge.

Kabla mshindi hajaketi, upanga huchomolewa nusu na watu huulizwa mara tatu kama kuna amani, nao hujibu kwamba ipo. Abbasali anasema hakusikia chochote. Alikuwa anawaza jinsi ya kupanda ngazi za jukwaa bila kujikwaa.

Alifika Bryn Onnen mwaka 1967, baada ya baba yake kufariki. Ami yake alikuwa daktari wa mji, na kazi yake kubwa ilikuwa vifua vya wachimbaji, kwa maana mji ulikula kwa kupasua mawe ya kuezekea nyumba, na vumbi la mawe yale lilikuwa linaua taratibu. Darasani walifundishwa kwa Kiingereza. Uwanjani watoto walisema Kiwelishi, lugha ya Wales. Kiwelishi alikijua kwanza, kwa sababu ndicho walichomtania nacho. Ushairi haukumpa taabu kubwa. Watu wale huhesabu silabi na kupanga sauti kwa masharti makali, naye alitoka mahali ambapo tungo isiyo na vina wala mizani haikuitwa shairi.

Shule yenyewe ilijengwa mwaka 1896, ya mawe meusi, yenye ukumbi mrefu na ubao wa majina ya wanafunzi waliokufa vitani. Ilianzishwa ili watoto wa wachimbaji wapate Kiingereza cha kuwatoa machimboni, na kazi hiyo iliifanya vizuri mno: waliofaulu waliondoka. Machimbo yalipofungwa, waliofeli nao waliondoka. Kufikia miaka ya themanini shule ilikuwa imegeuka na kufundisha kwa Kiwelishi, lakini madawati ya nyuma yalikuwa yamekwishaanza kubaki matupu. Ilifungwa Julai 2018. Wanafunzi waliosalia walipandishwa basi kwenda shule ya mji wa jirani, na jengo likavunjwa. Pana nyumba pale sasa, na barabara fupi inayoitwa Njia ya Shule.

Viti vya washairi vilichongwa na mwalimu wa useremala, Emyr Pritchard, kimoja kila mwaka. Cha mwaka 1974 kina joka lenye mabawa kwenye egemeo, mbele na nyuma, mikono minene, na miguu ambayo haijalegea mpaka leo. Kilikuwa cha mwisho. Miezi michache baadaye msumeno wa mashine ulimkata Pritchard vidole viwili, na tangu hapo washindi wa Bryn Onnen walipewa viti vya kununuliwa.

Abbasali hakuandika tena shairi baada ya shule. Alisomea bima, akamwoa Arzina, binti wa Mombasa, na mwaka 1983 wakahamia Toronto. Kiti kilikuja kwa meli pamoja na sufuria. Kilikaa sebuleni kwao Richmond Hill, kando ya Toronto, karibu miaka arobaini, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kilikaliwa na nguo zilizongoja kupigwa pasi. Arzina alikiita mfalme. Alikuwa akimwambia mumewe, “Mpe mfalme mashati yako, mimi nimechoka.”

Miaka mitatu ya mwisho Arzina alikuwa akisafishwa damu hospitalini, mara tatu kwa wiki. Abbasali ndiye aliyeendesha gari, ndiye aliyengoja, ndiye aliyepika uji ambao haukunywewa. Alijifunza kulala ameketi. Theluji alikuwa akiikwangua kwenye kioo cha gari kabla ya alfajiri, na siku ambazo hakukuwa na safari aliikwangua vilevile kwa sababu mwili ulikwishazoea. Arzina alifariki Februari 2024. Watu walipokuja kumpa pole walimwambia apumzike, naye alikubali kila alichoambiwa.

Makhoja, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Uhindi ambao Abbasali ni mmoja wao, wana desturi ya kutoa vitu kwa jina la marehemu ili thawabu zimfikie. Nyumba ilikuwa inauzwa. Abbasali alikuwa anahamia fleti ya vyumba viwili na binti yake Farheen, mfanyakazi wa benki. Farheen alimuuliza atoe nini. Abbasali alijibu, “Toeni tu.” Farheen alitoa mashine ya kushonea, vyombo, mazulia mawili, makabati na kiti. Gari la kamati ya akina mama wa msikiti lilikuja siku ya mvua, na vijana wawili wa kujitolea wakavipakia.

Imambara, ukumbi wa maombolezo ulio pamoja na msikiti wao, ni mahali pa kukaa chini, juu ya zulia. Lakini watu waliotoka Dar, Moshi na Mombasa wakiwa vijana sasa ni wazee, na magoti yao hayakubali tena. Kwa hiyo pembeni pamepangwa viti. Kiti cha mwaloni kilipofika, kilichukuliwa siku hiyohiyo na Mzee Almas Kermali, mwenye miaka themanini na minne, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Moshi. Mzee Almas ni mtu mzito. Viti viwili vya plastiki vilikwisha kuvunjika chini yake, kimoja katikati ya majlisi ya maombolezo, na kwa muda fulani aliacha kuja msikitini kwa aibu. Kwenye mwaloni alirudi, na hakukosa majlisi ya Alhamisi hata moja.

Tatizo lilikuwa joka. Waliosali nyuma ya Mzee Almas walilalamika kwamba wanasujudu mbele ya mnyama mwenye meno. Ruqayyah, mwenyekiti wa kamati ya akina mama, alishona foronya nyeusi na kulivalisha egemeo lote. Kisha akamwambia mzee, “Almasbhai, nimemfunga. Akikuuma sasa, ni dhambi zako.”

Mambo yangebaki hivyo. Lakini Septemba iliyopita Abbasali alipigiwa simu na Nia Pritchard, binti wa yule mwalimu wa useremala. Nia alisoma Bryn Onnen na kufundisha hapo mpaka siku ya mwisho, na sasa anaandaa maonyesho ya kudumu ya historia ya shule katika maktaba ya mji. Alikuwa amekusanya picha, kengele, jezi, na ule ubao wa majina ya vita. Kitu ambacho hakuwa nacho hata kimoja ni kiti cha baba yake. Vingine vyote vilikwenda na washindi, vikauzwa au kuchomwa. Alikuwa amemtafuta Abbasali kwa mwaka mzima. Alimuomba kiti kirudi.

Walizungumza Kiwelishi, yeye akikosea na Nia akimngoja. Abbasali anasema ilikuwa mara ya kwanza, tangu Arzina aanze kuugua, mtu kumuuliza jambo lisilohusu ugonjwa wala mirathi. Alisema ndiyo. Alikuwa amekwisha kusema ndiyo alipokumbuka kwamba kiti hakikuwa nyumbani.

Alikwenda kwa Ruqayyah akidhani ni suala la kuomba na kupewa, na labda kununua kiti kingine imara badala yake.

“Kile ni wakfu, bwana,” Ruqayyah alimwambia. “Kimetolewa kwa jina la Arzina. Sasa unataka kumnyang’anya maiti?”

Alijaribu kwa Mzee Almas. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa juu ya mikono ya kiti, akasema hana pingamizi lolote.

“Kichukue. Lakini unichukue na mimi juu yake. Huko maonyeshoni waandike, na huyu pia ni wa kale.”

Waliokuwa karibu walicheka. Mzee Almas hakucheka, wala hakuinuka.

Jambo lilipelekwa kwa Maulana wa msikiti, aliyezaliwa Dar, akasoma Qum, Iran, na kwa umri angeweza kuwa mwana wa Abbasali. Jibu lake la kwanza, kwa simu, lilikuwa fupi. Kilichotolewa wakfu hakirudi. Lakini hakuna awezaye kutoa wakfu mali ya mwingine bila ridhaa yake. Kiti kilikuwa cha Abbasali, hakikuwa cha Arzina wala cha Farheen. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya jibu moja, na mwenye jibu alikuwa Abbasali mwenyewe: aliridhia au hakuridhia? Akisema hakuridhia, wakfu haukuwahi kuwapo, na kiti ni chake, akipeleke atakako. Maulana alimpa wiki moja afikirie, maana alikuwa amesikia uchovu katika sauti yake.

Wiki ile Farheen hakumwacha. Kwa kawaida Farheen huelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Safari hii alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayebeba kitu kizito. Alimwambia baba yake kwamba yeye, baba, hakuwahi kulitaja neno kiti. Walikuwa wanazungumzia vitu vya Mama.

“Sema ukweli, Baba. Hukukitoa wewe. Nilikitoa mimi. Kosa ni langu, nitawaambia wote.”

Hilo lilikuwa kweli. Abbasali anakiri kwamba kwa siku tatu lilimtosha. Alimwandikia Nia kwamba kuna taratibu ndogo zinamaliziwa. Aliuliza habari za makampuni ya usafirishaji. Alipima egemeo kwa mkono wakati Mzee Almas amekwenda kutawadha, akajisikia mwizi, akaondoka kabla mzee hajarudi.

Jumamosi asubuhi alikwenda ofisini kwa Maulana, chumba kidogo nyuma ya imambara chenye maboksi ya tende. Farheen alikwenda naye na akazungumza kwanza. Alieleza kila kitu na kujitwisha yote. Maulana alimshukuru, kisha akamgeukia baba.

“Siku gari lilipokuja, ulikuwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Ulikiona kinatoka?”

Abbasali aliyatazama maboksi ya tende. Farheen anasema alidhani baba yake amechoka kuketi, akataka kumletea maji.

“Nilikuwa dirishani,” Abbasali alisema. “Walikigeuza ubavu ili kipite mlangoni. Mmoja alinitazama, nadhani alitaka nimwambie kitu. Nikasema moyoni, kiende. Kimoja kimepungua.”

“Ulisema kiende.”

“Nilisema kiende.”

“Kwa kuchoka?”

“Kwa kuchoka. Lakini akili ninayo, na nilikijua ni kiti gani.”

Baadaye Maulana aliniambia kwamba alikuwa amejiandaa kukirudisha. Alikuwa hata amezungumza na fundi wa Etobicoke juu ya kiti kingine cha mzee. Hakudhani swali lile lingejibiwa hivyo.

“Basi kimekwenda, mzee wangu,” alisema.

Farheen alilia ndani ya gari. Abbasali anasema hakumkataza wala hakumbembeleza, kwa kuwa hakuwa na nguvu za mojawapo. Walisimama njiani wakanunua maziwa. Nyumbani alilala mpaka adhuhuri, akaamka, akaswali, akampigia Nia.

Alimweleza neno wakfu kwa Kiwelishi, ambacho hakina neno hilo, na maelezo yakawa marefu. Nia aliuliza kama msikiti ungekubali kukiazimisha kwa mwaka mmoja. Abbasali alisema hapana, kina mtu. Nia aliuliza mtu gani. Akamwambia ni mzee wa Moshi mwenye magoti mabovu, ambaye viti vingine humvunjikia. Nia alisema ameelewa. Kwa sauti yake, Abbasali anasema, hakuwa ameelewa, na hana haki ya kumlaumu: baba yake ndiye aliyekichonga, na shule yake haina hata jiwe lililosimama. Hawajazungumza tena tangu siku hiyo. Wameandikiana mara mbili, juu ya vipimo na mwanga.

Nilipomuuliza kama anajuta, alisema swali hilo lina nguvu kuliko yeye. Alisema kuna aina ya uchovu ambao mtu akiwa nao hutoa vitu, na baadaye, nguvu zikirudi kidogo, huvitaka tena; lakini aliyetoa na anayetaka ni mtu yuleyule, na mmoja hawezi kumkana mwenzake.

Jumatano Farheen atapiga picha za kiti baada ya sala ya adhuhuri, wakati ukumbi ni mtupu, na kuzituma Wales. Maonyesho ya Bryn Onnen yatafunguliwa Jumatatu tarehe 2 Machi 2026. Mahali palipotengwa kwa ajili ya kiti patawekwa picha, ukubwa sawa na kiti chenyewe. Abbasali amealikwa, na hatakwenda.