Dume wa Sikio Lililopasuka

Jumamosi buchani St Marys, tunakoishi huku ughaibuni, wawindaji wawili wa kanisani kwetu, Mkenya na Mkongomani, walikuwa wakibishana mbele yangu kwenye foleni.

"Kulungu dume mwenye pembe changa unamwacha akue," alisema Mkenya. "Ukimaliza madume wadogo, wakubwa watatoka wapi?"

"Ndugu, ile ni nyama. Nikimuona, napiga. Kwani tutakula pembe?"

Mkenya akasimamisha vidole viwili juu ya kichwa. "Kuna mmoja kule ng'ambo ya milima, sikio la kushoto limepasuka. Kila msimu namwacha, na kila msimu pembe ni zile zile fupi. Jana alisimama akaniangalia tu."

Mkongomani akaacha kutafuta pochi. "Na doa jeupe shingoni?"

"Huyo huyo."

"Huyo nilimpiga mwaka jana. Ndiye tuliyemla kwenye ubatizo wa mtoto wangu."

Mwenye bucha akaita anayefuata. Hakuna aliyesogea.

Habari ya pembe waulizeni wenye bunduki. Mimi kwenye ubatizo ule nilirudia sahani, na ningependa tu kujua nilikula nini.