Unga wa Kitunguu Saumu na Damu ya Mbwa Wetu

Mama alipobaki peke yake nyumbani Kisian, mbwa wake, jike mzee wa kahawia, alianza kukataa ugali mtupu. Mimi nilikuwa nafundisha Maseno. Jumamosi moja nilimpelekea Mama kopo la unga wa kitunguu saumu, apumzike kutwanga. Alipoona mbwa anaupenda, akawa anamnyunyizia kijiko kizima kila siku, juu ya mabaki ya mchuzi wa samaki. Mbwa alilamba sufuria mpaka ikang'aa.

Niliporudi baada ya wiki mbili, nilimkuta mbwa amelala mlangoni. Hakuinuka kunipokea. Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi, na nilipomwinua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama ugali.

Tulimpeleka Kisumu kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mpole. Aliuliza mbwa anakula nini.

"Chakula kizuri, Daktari," Mama alijibu. "Naweka mpaka kitunguu saumu."

Daktari alichukua tone la damu, akaliweka chini ya darubini, akaniita nitazame.

Sikuwa nimewahi kuona damu kwa karibu hivyo. Chembe zilikuwa nyingi kupita kuhesabika, na ukingoni mwa nyingi kati ya hizo palikuwa na kinundu kidogo, kama kiazi kinachoanza kuchipua.

"Ni kitunguu," alisema. "Cha maji au saumu, kibichi au kilichopikwa. Cha unga ni kibaya zaidi. Kinaharibu chembe hizi, halafu mwili wenyewe unazivunja."

"Na sisi tunaokula kila siku?" Mama aliuliza.

"Damu yetu inastahimili, Mama. Yake haiwezi."

Mama naye aliinama akatazama.

Mbwa aliwekewa maji kupitia mshipa kwa siku mbili. Daktari alisema hakuna dawa ya kuifuta sumu ile. Mwili ungejitengenezea damu nyingine, tukimpa chakula kisicho na kitunguu. Kila asubuhi Mama alinipigia simu kuniambia rangi ya mkojo. "Leo bado." "Leo kama chai yenye maziwa mengi."

Wiki ya tatu nilimkuta Mama amepiga magoti uani, ameinua mdomo wa mbwa. Ufizi ulikuwa wa waridi. Aliubonyeza kwa kidole, ukawa mweupe, kisha rangi ikarudi polepole.

"Nyathina, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "damu hii mpya imetoka wapi?"

Akabonyeza tena.