Jina Moja kwa Watu Wanne

Nianze na kosa langu mwenyewe, asije mtu akalisema kwa niaba yangu. Mimi ndiye niliyeweka jina moja kwenye kompyuta ile. Nilikuwa fundi wa kompyuta wa maabara ndogo ya kupima mawe ya dhahabu, ofisi kubwa ikiwa Shinyanga mjini na tawi likiwa Geita. Mkuu wa maabara aliponiambia, "Wote waingie kwa jina langu, kila kinachotoka hapa kinatoka kwa jina langu," niliitikia "ndiyo baba", nikafanya alivyotaka. Tulikuwa watu wanne tunaoingia humo: yeye, mimi, na wapimaji wawili wa Geita. Nilijua si sawa. Lakini nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, nikanyamaza.

Kazi ya maabara haina miujiza. Wachimbaji wadogo wanaleta mawe kutoka kwenye maduara yao, yale mashimo wanayochimba kwa mikono, tunayasaga, tunayachoma, na mwisho inapatikana namba: gramu ngapi za dhahabu kwa kila tani ya mwamba. Namba hiyo ndiyo inayomwambia mtu aendelee kushuka au ahame. Mawe mengi yalipimwa Geita, lakini programu ya kutunza majibu na kutoa vyeti ilikuwa kwenye kompyuta moja tu, mezani kwa mkuu, Shinyanga. Zamani Geita walisoma majibu kwa simu na sisi tukaandika. Nilipofika nikawafungulia njia ya kuingia kwa mbali. Mpimaji anakaa Geita, anaandika neno la siri, na kioo cha Shinyanga kinamjia mbele yake kama kilivyo, pamoja na kila ukurasa ulioachwa wazi.

Shida ni kwamba kompyuta yenyewe ilikubali mtu mmoja kwa wakati mmoja. Geita wakiingia, mkuu anafungiwa nje. Siku ya kwanza alitoka kunywa chai, akarudi akakuta kioo kinamwomba neno la siri kama mgeni. Alifoka mpaka muuza vitumbua aliyekuwa barazani akasimama na bakuli lake mkononi.

"Nani amenifungia nyumba yangu?"

Basi ukazaliwa utaratibu ambao hakuna kitabu cha kompyuta kinachoufundisha. Kabla ya kuingia, mtu wa Geita alipiga simu kubisha hodi. Nilizisikia simu hizo kila asubuhi, maana mkuu aliongea kwa sauti kubwa, na kila mama kwake aliitwa mayu, kwa Kisukuma.

"Shikamoo baba. Hodi huko."

"Marahaba. Karibu mayu, pita."

Mkuu mwenyewe hakubisha. Akirudi mezani aliandika neno lake la siri na kuingia, na aliyekuwa ndani alitupwa nje hata kama alikuwa katikati ya sentensi. Mzee atabishaje hodi nyumbani kwake? Mimi niliona ni kichekesho, nikawasimulia majirani zangu wa mtaa wa Ngokolo, tukacheka hadi machozi. Leo sicheki.

Aliyepiga simu hizo mara nyingi alikuwa mama mmoja ambaye hapa nitamwita mama wa Geita tu. Alianza kazi nje ya maabara, juani, akiponda mawe kwa nyundo pamoja na akina mama wengine. Miaka mingi. Siku moja mpimaji aliugua, akaitwa ndani kusaidia kupima uzito, na ikaonekana mkono wake hautetemeki na macho yake hayaruki mstari. Hakurudi tena juani. Aliniambia mara moja kwamba jambo alilolipenda zaidi kwenye kazi ile ni kiti. Kukaa kwenye kiti na kuandika.

Kisha wakaja wachimbaji watatu, wamevaa mabuti yenye udongo mwekundu, na cheti chetu kimekunjwa mara nne. Cheti kilisema mawe yao yana gramu kumi na nne. Kwa namba hiyo walishuka majuma mengi, wakakata magogo ya kukinga kuta za duara, wakawaita ndugu zao waje kusaidia. Hawakupata kitu. Mkubwa wao hakupaza sauti. Aliweka cheti mezani akakinyoosha kwa viganja.

"Tunaomba kujua, hii namba ni ya mawe ya nani?"

Mkuu alifungua jalada la karatasi. Kila asubuhi mama wa Geita alipiga picha karatasi yake ya mkono na kumtumia, na mkuu alizichapa zote. Karatasi ya siku ile ilisema mawe ya wale watu hayakufika hata gramu moja. Hapohapo mkuu alipiga simu Geita, akaiweka kwenye spika ili wageni wasikie.

"Umepima vizuri, halafu umeandika vibaya. Umetuua, mayu."

"Hiyo namba sikuiandika mimi, baba."

"Ni nani anayeandika majibu ya Geita? Mimi?"

Mkuu akamwambia aje Jumatatu asaini barua ya kukiri kosa. Akishasaini, akabidhi ufunguo wa maabara, kazi imekwisha.

Nilipandwa na hasira. Majibu yote ya maabara ile yalitoka kwa jina lake, alivyotaka mwenyewe, vyeti vizuri na vibaya. Leo limetokea baya, ghafla jina si lake. Na mimi ndiye niliyemtengenezea pazia hilo la kujifichia. Nikaona aibu, na aibu yangu mimi huwa haikai kimya.

Wageni walipoondoka, na mkuu akaenda kula, nilikaa kwenye kompyuta ile. Programu ya majibu haikunisaidia. Iliandika jina moja tu tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini kompyuta yenyewe ina daftari lake la ndani ambalo watu wengi hawalijui. Kila anayeingia kwa mbali inamwandika: ameingia kutoka wapi, saa ngapi, ametoka saa ngapi. Niliogopa kwamba kurasa za zamani zitakuwa zimeshafutika. Hazikufutika.

Siku ile saa nne na dakika kumi na mbili, Geita ameingia. Saa nne na dakika thelathini na moja, Geita ametolewa, na aliyemtoa amekaa palepale Shinyanga, kwenye kibodi. Jibu la wale wachimbaji, programu ya majibu inaonyesha, lilihifadhiwa saa nne na dakika thelathini na sita. Geita akarudi saa tano na robo.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikaelewa yote, hata bila kuambiwa. Mama wa Geita alikuwa amefungua fomu ya wale wachimbaji na kujaza namba ya kiroba, bado gramu. Mkuu akarudi kutoka chai, akaingia bila hodi, akakuta fomu iko wazi na nafasi ya gramu iko tupu. Akadhani ni fomu yake aliyoiacha. Mkononi alikuwa na karatasi ya mawe mengine, ya Shinyanga, ambayo niliikuta jaladani ikisema kumi na nne. Akaandika kumi na nne, akahifadhi.

Nilimpigia mama wa Geita. Nikamuuliza, uliporudi saa tano na robo hukuiona fomu imejazwa?

"Niliiona," akasema. "Nikajua baba amenimalizia. Picha ya karatasi si anayo?"

"Hukuifungua uangalie kaandika nini?"

"Ng'wanone, mwanangu, nifungue kazi ya mzee nimkague?"

Hapo nilitamani kumgombeza, kisha nikakumbuka ile "ndiyo baba" yangu mwenyewe.

Jumatatu alifika kwa basi la alfajiri, amevaa gauni la kanisani. Mwenye maabara naye alikuja kutoka Mwanza, mtu mpole anayependa mambo yaishe mapema. Barua ilikuwa mezani, imechapwa, na kalamu juu yake. Mama wa Geita aliwaamkia wote, hata mkuu, akakaa pembeni na kushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Sikuwa nimealikwa. Niliingia na karatasi yangu, nikaiweka juu ya ile barua.

"Hii nini?" mkuu akauliza.

"Ni saa za kuingia na kutoka, baba. Kompyuta inaziandika yenyewe."

"Nani amekuruhusu kuchungulia?"

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Sitaki kujifanya shujaa. Lakini nilisoma mistari yote minne, polepole, na nilipofika dakika thelathini na sita nikarudia. Mwenye maabara alivaa miwani akaivuta karatasi kwake. Mkuu akacheka kicheko kifupi.

"Kwa hiyo mtoto wa kike anakuja kunisomea saa mbele ya watu."

"Nasoma zilivyoandikwa."

Akamgeukia yule mama. Nadhani aliamini kwamba huko atapata msaada, kwa sababu siku zote alipata.

"Na wewe mayu, unasemaje?"

Mama wa Geita alitazama chini kwanza, kisha akainua uso.

"Siku ile nilibisha hodi, baba. Ukanikaribisha. Halafu ukanifungia nje, sijamaliza. Barua hii sisaini."

Nje bajaji ilipiga honi, ikaondoka. Mkuu alijisogeza kwenye kiti chake.

"Basi itakuwa ni mfumo," akasema.

Nilijua neno hilo litakuja. Kila ofisi nchi hii ina mfumo, na mfumo ndiye mfanyakazi pekee asiyeitwa kujieleza.

"Mfumo hauna vidole," nikasema. "Aliyeandika ana vidole."

Mwenye maabara akatikisa kichwa, akaikunja ile barua na kuitia mfukoni mwake. Aliagiza wachimbaji wapimiwe upya bure na waandikiwe barua ya kuombwa radhi. Waliandikiwa, na radhi ilisema ni mfumo. Hawakurudi. Sikuwashangaa, na mpaka leo nikiikumbuka radhi ile nasikia uchungu.

Mimi niliomba kitu kimoja: kompyuta inayopokea watu wengi kwa pamoja, leseni halali, na kila mtu jina lake na neno lake la siri. Mwenye maabara alikubali upesi, maana alitaka kuwahi safari ya Mwanza. Vifaa vilipofika mkuu aliniita.

"Sawa, weka manne. Weka mkuu moja, mkuu mbili, mkuu tatu, mkuu nne."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Nitaweka majina ya watu, baba."

"Basi weka ofisi moja, ofisi mbili."

"Majina ya watu."

Niliyaweka Jumamosi asubuhi, ofisi ikiwa tupu. Kila mtu na meza yake humo ndani, kila mtu anafungua na kufunga fomu zake, hakuna anayemtoa mwenzake. Niliandika jina la mkuu kwanza, kwa heshima. La kwangu likawa la mwisho. Jumatatu alipogundua, aliniamuru nirudishe kama zamani.

"Niandikie barua," nikamwambia. "Isaini kwa jina lako, nami nitarudisha leo hii."

Nilikuwa nimeshafungasha vitu vyangu kwenye begi, chaja na kikombe, kama ingelazimu kuondoka. Barua hiyo hajaiandika mpaka leo, na kikombe changu kiko mezani.

Nilifikiri mama wa Geita atafurahi. Alipiga simu akiwa na wasiwasi. Kwenye maduara watu wengi wanatumia majina ya kubandika, na mwenye akili hatoi jina lake ovyo.

"Sasa jina langu likionekana pale, si ndiyo watanikamata vizuri?"

"Watakukamata kwa kosa lako tu," nikamwambia. "La mwenzako hawatakubebesha tena."

Akaguna. Hakuniambia kama ameridhika. Kwa siku kadhaa aliendelea kumpigia mkuu hodi, na mkuu akaendelea kumkaribisha, ingawa mlango wenyewe haukuwepo tena.

Hodi ziliisha Alhamisi moja, bila kutangazwa. Siku hiyohiyo mchana simu yangu iliita nikiwa nakula. Alikuwa yeye. Hakunisalimia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Nimekosea," akasema. "Kiroba cha tisa nimekiandika cha kumi na tisa. Nimeshakirekebisha kabla cheti hakijatoka. Ukifungua utaona."

"Haina shida, mama. Ni jambo dogo."

"Sijakupigia kwa sababu ya udogo wake." Nilisikia karasha, mashine ya kuponda mawe, ikinguruma nyuma yake, na wanawake wakicheka huko juani. "Umeona jina lililoandikwa pale? Fungua uangalie. Safari hii ni mimi."