Hawakusoma Mstari wa Pili

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu uliopinda na kwa maneno nitakayokosea. Shule niliishia darasa la saba, na naandika polepole kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Lakini nimekasirika, na hasira hii siwezi kuimeza tena.

Wiki iliyopita nilipeleka sambusa kwenye ukumbi mmoja Ntinda, hapa Kampala. Watu walikuwa wakizungumza juu ya waandishi Weusi wanaotunga hadithi za sayansi, za vyombo vya angani na miaka ijayo. Mtu akauliza, "Na hapa kwetu, kwa Kiswahili?" Mzungumzaji akacheka. "Kwa Kiswahili, Kampala? Ssebo, bwana wangu, huyo hajazaliwa!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikapanga sambusa kwenye sahani, nikaondoka.

Alizaliwa. Aliishi mtaa wetu wa Kisenyi, ukuta mmoja na sisi.

Tulimwita Bibi, ingawa hakuwa bibi yangu. Watu wake walikuja zamani kutoka pwani na misafara ya biashara. Wazazi wangu walikuja juzi tu kutoka Kenya kuuza viatu. Wao Waislamu, sisi Wakristo, lakini kila nikitoka shule nilikuwa mkekani kwake, nikichagua mawe kwenye mchele. Nje nyundo za magereji zinagonga, ndani iliki inanukia, naye anaandika kwenye daftari kutoka kulia kwenda kushoto. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama baba yake alivyomfundisha. Ukurasa ukiisha, anatusomea sisi watoto. Katika hadithi zake mafundi wa Kisenyi wameunda chombo cha kwenda kwenye nyota kwa vyuma vya malori. Nahodha ni mwanamke mnene ambaye, kila akitua kwenye sayari ngeni, huuliza kwanza kama wenyeji wamekula.

"Bibi, huko juu kuna hewa?"

"Hakuna. Ndiyo maana wameibeba kwenye matairi. Chagua mchele, mwanangu."

Wajukuu zake walipenda televisheni zaidi. Zile herufi alinifundisha mimi peke yangu.

Alifariki nikiwa darasa la sita. Siku ya tatu, baada ya kisomo, mpwa wake, mwalimu wa madrasa, alifungua sanduku lake la bati. Lilijaa madaftari hadi juu. Akachukua moja, akasoma mstari wa kwanza. Bibi alianza kila daftari kwa Bismillahi. Mwalimu akalibusu, akaliweka kwenye paji la uso, akalifunga.

"Maandiko ya dini hayatupwi jalalani," alisema. "Tuyachome kwa adabu, majivu tuyazike."

"Mwalimu, hizo ni hadithi," nikasema.

"Heh! Bubu wa Wakenya leo ana sauti!" binti wa Bibi akacheka. "Umesema nini, mama? Sema tena tusikie."

Macho yote yakanigeukia. Nikasema, "Hakuna."

Yalichomwa uani ndani ya pipa, moja baada ya jingine, watu wamesimama kimya kwa heshima. Heshima gani hiyo? Mwalimu yule alisoma herufi hizo kila siku ya maisha yake. Angeshusha jicho mstari mmoja tu. Na wale watu wazima wengine walimwona akiandika miaka yote, wala hakuna aliyewahi kumwuliza anaandika nini. Mimi niliyejua nikafunga mdomo. Ninajikasirikia kuliko ninavyowakasirikia wao.

Uani pale sasa ni stoo ya vipuri. Katika hadithi zote zile nakumbuka nne, nyingine ni vipande. Nimeanza kuziandika, na kila jioni nagundua kipande kingine kimepotea.

Kama nawe ulikaa kwenye mkeka ule, niandikie unachokumbuka, hata sentensi moja. Na kama mzee wa kwenu ameacha madaftari ya herufi hizo, msiwashe moto kwanza. Niandikie. Nitakuja niyasome mwenyewe, kwa sauti, mbele za watu.